Mtoto Atalala Wapi? Kuamsha Unix kwenye Kompyuta Kuukuu ya Nyumbani

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa mashine kuukuu, nawasalimu.

Nimepewa dakika arobaini, meza moja na televisheni moja. Nitaanza kusema mimi, mashine itasema mwisho. Hii mnayoiona mbele yangu ni kompyuta ya nyumbani ya aina ya MSX2, uzao wa katikati ya miaka ya 1980. Prosesa yake ni Z80 inayokwenda kwa megahezi 3.58. Kwenye tundu la katriji, pale ambapo enzi zake watoto walichomeka michezo, nimechomeka katriji yenye kadi ya SD, ya aina ileile inayowekwa kwenye kamera. Nikiwasha swichi, itaamka ikiwa Unix. Au niseme kwa uangalifu, maana nimeona mkono unataka kunyooka kule nyuma: itaamka ikiwa mfumo endeshi wenye tabia za Unix. Jina lenyewe lina wenyewe. Leo nitasema Unix tu, mnistahimili.

Kila ninapoionyesha mashine hii, swali la kwanza huwa lilelile: inakwenda kasi gani? La pili: kumbukumbu ndogo hivyo inatosha vipi? Ni maswali ya haki, lakini yote mawili yanakata matawi na kuacha shina. Kasi ndogo inavumilika, kazi inachelewa tu. Udogo wa kumbukumbu nao haukuwa kikwazo tangu mwanzo, nitawaonyesha sasa hivi. Swali lililowatoa jasho wote waliowahi kujaribu jambo hili ni la kifamilia kabisa: mtoto atalala wapi?

Tumalize kwanza la udogo. Unix ilianza mwaka 1969 kwenye maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson, na Dennis Ritchie akiwa bega kwa bega naye. Mashine yao ya kwanza ilikuwa PDP-7. Baadaye wakapata PDP-11/20, na hiyo ndiyo ninayotaka muikumbuke. Kumbukumbu yake yote ilikuwa KB 24. Mfumo wenyewe ulikalia KB 16, programu za watumiaji zikaachiwa KB 8. Diski ilikuwa ya KB 512. Na kwenye mashine hiyo hawakukaa watafiti peke yao. Walikaa wachapaji wa idara ya hataza, watu wenye kazi ya kweli na tarehe za kweli za kuikamilisha, wakiandika na kupanga hati zao kutwa nzima.

Sasa chukua Commodore 64 ya mwaka 1982, mashine iliyouzwa pamoja na midoli. Ilikuwa na KB 64. Kwa maneno mengine, kompyuta iliyokaa sebuleni juu ya zulia ilikuwa na kumbukumbu zaidi ya mara mbili na nusu ya ile iliyobeba Unix na idara nzima ya wachapaji miaka kumi na moja nyuma. Mtu akikuambia Unix ni kubwa mno kwa mashine za nyumbani, mwambie Unix ilizaliwa katika chumba kidogo kuliko hicho.

Ilizaliwa pia bila kuta. PDP-11/20 haikuwa na ulinzi wowote wa kumbukumbu. Programu ya jirani yako ikikosea anwani moja tu, ingeweza kuandika juu ya mfumo wenyewe, na kila mtu akapoteza kazi yake. Ritchie ameandika kwamba kujaribu programu mpya siku hizo kulihitaji uangalifu na ujasiri. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, lakini watu waliishi humo na kazi ikatoka. Kwa hiyo hata tukisema kompyuta za nyumbani hazikuwa na ulinzi, bado hatujagusa shina.

Shina lenyewe ni hili. Katika Unix, mchakato mpya, yaani programu iliyo mbioni, hauumbwi kutoka hewani. Mchakato uliopo unaita keneli, kiini cha mfumo, kwa neno moja, fork, na keneli inatoa nakala yake kamili. Kabla ya wito huo alikuwepo mmoja, baada yake wapo wawili, wenye msimbo uleule, data ileile, hata sentensi iliyokuwa inasomwa ni ileile. Mmoja anaitwa mzazi, mwingine mtoto, na hayo si maneno yangu ya kupamba hotuba, ndivyo wanavyoitwa. Wanatofautishwa na jibu tu: mtoto anarudishiwa sifuri, mzazi anarudishiwa namba ya mtoto. Kisha mtoto, mara nyingi hapo hapo, anaita neno la pili, exec, linalomfanya avue kila alichorithi na kuvaa programu nyingine. Ukiandika ls kwenye sheli, programu inayopokea amri zako (si ile ya kujazia mafuta), sheli inazaa mtoto, mtoto anajigeuza kuwa ls, anaorodhesha mafaili, anakufa. Sheli imemsubiri mlangoni muda wote huo.

Sasa fikirini anwani. Mzazi aliwekwa kwenye kumbukumbu kuanzia, tuseme, chumba namba 100. Ndani ya mwili wake mna viashiria vingi vinavyosema jina lipo chumba 140, orodha ipo chumba 155, ukimaliza rudi chumba 112. Nakala yake ina maneno hayohayo. Ukimlaza mtoto chumba namba 300, kichwani mwake bado imeandikwa chumba 140. Atanyoosha mkono kuchukua jina lake na kushika jina la mzazi. Ili mtoto awe mzima, naye lazima akae chumba namba 100. Na mafahali wawili hawakai zizi moja.

Thompson na Ritchie walilitatua hili kwenye PDP-7 kwa njia fupi ya kustaajabisha. Tayari walikuwa na utaratibu wa kuhamishia mchakato diskini na kumrudisha. Wakasema, basi kuzaa ni kuandika nakala ya mzazi diskini na kusahihisha daftari la michakato. Ritchie ametupa hata kipimo cha kazi hiyo: mistari 27 ya asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine.

Halafu kikatokea kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya Unix. Walipomaliza kuweka fork, wakiwa bado wanapongezana, wakagundua amri ya kubadili saraka, yaani folda uliyomo, imeacha kufanya kazi. Hakuna aliyeigusa. Unaandika chdir, mashine inapokea, lakini ukitazama uko palepale. Wakasoma msimbo, wakaona hauna kosa. Kumbe sheli ilikuwa sasa inamzaa mtoto kwa kila amri. Mtoto alihamia saraka mpya kwa utii wote, kisha akafa, na mzazi akabaki alipokuwa. Ikabidi amri hiyo itolewe kwenye programu za nje na kufanywa na sheli yenyewe. Wekeni kisa hiki pembeni, tutakirudia kwa vitendo.

Kompyuta za nyumbani zilipokuja, wajenzi wa mifumo walikuta fumbo lilelile na mbao tofauti za kujengea. Na hapa ndipo raha ilipo, maana kila mashine ililazimisha jibu lake.

Doug Braun aliandika UZI katika miaka ya 1980, mfumo wa Z80 uliotekeleza karibu yote ya keneli ya Unix toleo la 7. Alifuata njia ya mababu: mchakato mmoja ndiyo unaokaa kwenye kumbukumbu, wengine wanasubiri diskini. Zamu ikibadilika, aliyemo anatoka mzimamzima na mwingine anaingia. Chumba ni kimoja, kwa hiyo kila mtu akiingia anakikuta ni chumba namba 100. Ni suluhisho safi kabisa, ila diski inapiga kelele kama cherehani.

Minix kwenye Atari ST ilikuwa na ujanja mwingine. Minix aliiandika Andrew Tanenbaum kwa kufundishia, ikatoka mwaka 1987 kwa ajili ya IBM PC, kisha ikahamishiwa Atari ST. Prosesa ya ST ni 68000, haina kifaa cha kutafsiri anwani, na programu zake hushika anwani halisi tangu zinapopakiwa. Hapo mtoto hawezi kulala pengine. Waliohamisha mfumo wakaamua: nakala ya mtoto itawekwa kando kwenye kumbukumbu, iitwe kivuli. Zamu ya mzazi ikifika, mzazi yupo chumbani na mtoto ni kivuli. Zamu ya mtoto ikifika, keneli inabadilishana yaliyomo, neno kwa neno, mtoto anaingia chumbani na mzazi anakuwa kivuli. Kazi hii ni nzito, na mtu anayeisikia mara ya kwanza huona kama uchizi. Lakini kumbukeni exec. Mtoto akishaiita, programu mpya inapakiwa mahali pake yenyewe, ikiwa na anwani zake, na kubadilishana kunakwisha. Ni usumbufu wa muda mfupi tu, kama wa kupokezana kitanda mpaka cha pili kiletwe.

Watu wa BSD, Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, walikuwa wameutazama mwendo huu wa fork na exec mapema zaidi, mwaka 1979, na kuuliza swali la busara: kama mtoto atavua kila kitu baada ya nukta moja, kwa nini tuhangaike kumnakilia? Katika 3BSD wakaleta vfork. Mtoto anaazima chumba cha mzazi, mzazi anasimama nje bila kutikisika, mpaka mtoto aite exec au afe. Mifumo ya leo ya vifaa vidogo visivyo na kitafsiri anwani bado inaishi kwa neno hilo.

OS-9 ya Microware ilikataa swali lote. Iliandikiwa prosesa 6809, ile iliyomo kwenye Color Computer ya Tandy, na 6809 ina kipaji ambacho wenzake wa biti 8 hawana: msimbo wake unaweza kuandikwa ukihesabu kutoka pale ulipo, bila kutaja namba ya chumba. Hesabu hatua tatu kushoto, badala ya nenda chumba 140. Programu za OS-9 zote zinaandikwa hivyo, ndiyo maana zinakaa popote, na watu wawili wanaweza kutumia msimbo mmoja huku kila mmoja ana data yake. Wito wao wa kuanzisha mchakato nao unaitwa fork, lakini haunakili mtu. Unataja programu unayoitaka, inaanzishwa upya. Ukiwa na KB 64 na kiendesha diski unaandika DOS, maneno OS9 BOOT yanatokea kwenye skrini, na baada ya muda una mfumo wa kazi nyingi kwa wakati mmoja kwenye mashine yenye herufi 32 kwa mstari na mistari 16. Herufi ndogo haina. Inaonyesha herufi kubwa iliyogeuzwa rangi, nawe unatakiwa kuelewa. Mimi huwa nasema OS-9 ndiyo mfumo bora kuliko yote ya kundi hili, na wapenda Unix hunikasirikia kwa sababu fork yake si fork. Wana haki ya kukasirika. Bado ni bora.

Commodore 64 nitaipitia haraka, ingawa najua wangapi humu ndani mmekuja kwa ajili yake. Ipo LUnix ya Daniel Dallmann, ipo GeckOS ya André Fachat, zote zinafanya kazi na zote ni za watu wenye subira ya ajabu. Prosesa za ukoo wa 6502 zina steki, rundo la kukumbukia pa kurudi, ya baiti 256, mahali pamoja pasipohamishika, kwa hiyo michakato yote ama inagawana benchi hilo moja au keneli inanakili kila zamu. Kiendesha diski cha 1541 kinasoma baiti mia tatu na kitu kwa sekunde, na programu ya KB 20 ni karibu dakika nzima ya kuangalia taa. Na tena kibodi! Haina kitufe cha mstari wima. Mtu amejenga mfumo wenye paipu, ule mstari wima unaopeleka matokeo ya programu moja kwenye nyingine, utumbo wenyewe wa Unix, halafu kibodi haina paipu. Mwandishi wa mfumo inabidi akae aamue ni vitufe gani viwili utavibonyeza pamoja, nawe uvikariri. Kama unayo C64 halisi, ushauri mmoja tu kabla ya yote: usiiamini adapta yake ya umeme ya zamani. Ikizeeka hupandisha ile volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu. Tafuta mpya.

Sasa niwaambie nilivyolipa karo.

Jibu la heshima kwa swali la mtoto ni kifaa cha kutafsiri anwani, MMU. Kinakaa kati ya prosesa na kumbukumbu. Kila mchakato unaamini upo chumba 100, na kifaa kinaupeleka kimyakimya 7100 au 52100. Mzazi na mtoto wanataja namba moja na hawakutani. Mwaka 1990 na kuendelea Commodore wenyewe waliuza Amiga 3000UX ikiwa na Unix ya System V Release 4, kwa sababu ndani yake mlikuwa na 68030, na 68030 kamili ina MMU humohumo kwenye chipu. Mimi nilikuwa na Amiga 1200, ya mwaka 1992, inayotoka kiwandani na 68EC020 na MB 2. Nikatafuta kadi ya kuiongezea nguvu. Muuzaji mmoja akatangaza kadi ya 030, megahezi 50, na kumbukumbu ya kutosha. Nikanunua, nikaweka NetBSD, mfumo wa ukoo wa BSD, kwenye kadi ya CompactFlash, nikajifungia ndani.

Kwenye Amiga, NetBSD haianzi yenyewe kutoka sifuri. Unaiacha mashine iamke kwa mfumo wake wa kawaida, kisha unaita programu iitwayo loadbsd, inayopakia keneli, kumsukuma mwenye nyumba nje na kuchukua funguo. Nikaiita. Skrini ikabadilika rangi. Kisha kimya.

Nikadhani ni kadi ya kumbukumbu, nikaitoa na kuisafisha miguu. Kimya. Nikadhani ni waya wa diski, nikabadilisha. Nikapakua keneli nyingine, ya zamani zaidi. Nikapunguza kumbukumbu. Nikaandika karatasi nzima ya mambo niliyojaribu, yamepigwa mistari yote. Wikiendi mbili zikaisha hivyo. Jumapili ya pili usiku nilikuwa nimeishika kadi mkononi, sina wazo jipya, nakwangua kwa ukucha kibandiko cha muuzaji kilichokuwa juu ya prosesa, kwa uchovu tu. Kikabanduka. Chini yake pameandikwa MC68EC030.

Herufi mbili, E na C. Hiyo ni 68030 ya bei nafuu, ya kutumiwa ndani ya printa na vifaa vya namna hiyo, na kilichotolewa ili bei ishuke ni MMU. Kwa michezo na kwa mfumo wa Amiga wenyewe hutaona tofauti yoyote, kwa hiyo hata muuzaji huenda hakujua alichouza. Keneli ilikuwa inafika pale inapowasha kitafsiri anwani, inaita, na hakuna aliyekuwepo kuitika.

Nilipopata kadi yenye 68030 kamili, kila kitu kiliwaka mara ya kwanza, kwa keneli ileile, waya uleule, diski ileile. Maandishi yakashuka kwenye skrini. Nikasimama nikapiga makofi peke yangu. Kisha mfumo ukaanza kutengeneza funguo za SSH, za mawasiliano ya siri, hesabu za namba kubwakubwa ambazo kompyuta ya leo huzimaliza kabla hujapepesa. Nikaoga, nikala, nikarudi. Bado. Nikaenda kulala. Kwa hiyo mnaponiuliza kuhusu kasi, ndiyo, hapo kasi niliihisi. Lakini mashine yenye kasi ndogo ilinifikisha asubuhi, na mashine isiyo na mahali pa mtoto haikunifikisha popote.

Turudi mezani. MSX2 hii haina MMU. Ina kitu cha katikati, na ndiyo sababu nimeileta. Z80 inaona KB 64 tu, lakini MSX2 inazigawa katika madirisha manne ya KB 16, na kila dirisha linaweza kufunguliwa kwenye kipande chochote cha kumbukumbu kubwa iliyo nyuma. Amri moja ya OUT kwenye poti, kuanzia FC hadi FF kwa hesabu ya kumi na sita, na ukuta umehama. Ulinzi hakuna. Programu mbaya ikitaka kuhamisha ukuta wa jirani, itauhamisha. Ila chumba namba 100 kinaweza kuwa vyumba kumi, mradi kimoja tu kiwe mbele ya dirisha kwa wakati mmoja.

Mfumo unaokimbia humu ni Fuzix, alioutangaza Alan Cox mwaka 2014, yule aliyefanya kazi kubwa kwenye keneli ya Linux kwa miaka mingi. Alianzia kwenye UZI ya Braun na vizazi vyake. Mtoto akizaliwa, Fuzix inatafuta vipande vitupu vya KB 16 na kumnakilia mzazi humo. Zamu ikibadilika hakuna diski wala kivuli, madirisha yanageuzwa tu. Kuna mtego mmoja: msimbo unaogeuza madirisha nao unakaa mahali, na huwezi kung'oa sakafu uliyosimamia. Kwa hiyo sehemu ndogo ya kumbukumbu inabaki ya pamoja, haihami, na hapo ndipo keneli inasimama wakati kuta zinazunguka.

Msimbo wa kuzaa, ule wa Z80, ni wa asembli na unasomeka kwa kikao kimoja. Mstari wa kwanza kabisa unazima mikatizo, ishara zinazomkatiza prosesa kazi, na juu yake pameandikwa onyo kwa lugha ya mafundi wa magari: daima tenganisha betri kabla ya kufanya matengenezo. Nilipoliona nilicheka, halafu nikaelewa. Saa ya zamu kwenye MSX inatoka kwenye chipu ya picha, inayompiga prosesa bega mara 50 au 60 kwa sekunde kila inapomaliza kuchora skrini. Ikimpiga bega wakati nusu ya mtoto imenakiliwa na nusu bado, hakuna atakayejua nani ni nani. Jambo jingine humo: nakala ikikamilika, anayeendelea kukimbia ni mtoto, na mzazi ndiye anayewekwa pembeni asubiri. Mtoto yuko karibu kuita exec, kwa nini acheleweshwe?

Haya, nawasha.

Anajitambulisha, mnaona orodha ya majina ya waliomlea, wa UZI na wa baada yao. Anahesabu kumbukumbu. Anauliza aamkie diski gani, namjibu hda1. Anaomba tarehe, nampa. Sasa login, naandika root, nenosiri hakuna. Ile alama ya reli ndiyo mwaliko wake.

Sasa msitazame televisheni. Tazameni taa ndogo kwenye katriji, ile inayowaka kadi ikisomwa. Walio nyuma sogeeni.

Naandika cd, ndiyo ile amri ya kubadili saraka, kisha nafasi, mkwaju. Taa? Kimya. Narudia. Kimya tena. Hakuna aliyezaliwa, sheli imehama yenyewe, na saraka ya mzizi keneli ilikuwa imeishika tayari mkononi.

Sasa naandika ls. Taa imepepesa, mmeiona? Kuzaliwa kwenyewe hamkukuona, kulikuwa ni vipande vya kumbukumbu kunakiliwa, hakuwashi taa yoyote. Mlichoona ni exec, mtoto anavua ya mzazi na kusoma programu yake kutoka kwenye kadi. Na sasa ls, paipu, wc, ile inayohesabu mistari na maneno. Kitufe cha paipu tunacho hapa, tushukuru. Taa imepepesa zaidi, kwa sababu wamezaliwa wawili, kila mmoja na programu yake.

Mashine ni yenu sasa, njooni mmoja mmoja mwandike. Mtaiangusha, najua, haina ulinzi, na mtu akiiangusha asitoroke, tuiwashe upya tuone amefanya nini. Ombi langu moja: kabla ya kugusa swichi andikeni sync, amri ya kuhifadhi kwenye kadi yaliyobaki kwenye kumbukumbu, msubiri taa itulie. Nani anaanza?